Alama Tatu za Bure

Kadi yetu ya kupimia fahamu haina sufuri.
Macho alama nne, sauti tano, viungo sita,
na asiyefumbua, asiyetamka, asiyekunja hata kidole
huondoka na moja, na moja, na moja.
Tatu za bure.
Nenda Ilesi ukalipime lile jiwe liliaalo:
litapata tatu zake. Machozi hayahesabiwi.

Mama Khasandi alipata tatu siku kumi na moja mfululizo,
kitanda cha saba, wadi ya wanawake, Kakamega.
Nilimminya juu ya jicho kwa kidole gumba,
nikamwita kwa Kiswahili,
kwa Kiisukha changu cha kuvunjikavunjika,
kwa jina la kitinda mimba wake.
Wapi.
Nikaandika tatu, nikatia sahihi: Vihenda, zamu ya usiku.

Mwalimu wetu chuoni alizoea kusema
sikio ndilo hufunga duka mwisho.
Basi nikimgeuza ubavu asiote vidonda vya mgongo
nilikuwa namsimulia:
mwenye nyumba pale Lurambi kapandisha kodi,
choo kimeziba tangu Pasaka,
na yule Andisi aliyeazima jiko langu la gesi
kahamia nalo Webuye.
Niliongea kama mtu anavyomwongelesha ng'ombe akimkama,
maneno ya kutuliza mikono yangu mwenyewe.

Siku ya kumi na mbili, mvua ya mawe ikitwanga mabati,
alifumbua jicho moja.
Kisha, kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta:
"Na jiko, ulirudishiwa?"

Sasa tuna akili unde kwenye simu ya wadi.
Hutuandikia ripoti za kukabidhiana zamu,
hunisahihishia ngeli,
hunipa pole nikisema nimechoka,
pole iliyopigwa pasi, isiyo na kunyanzi.
Juzi saa tisa usiku nikaiuliza:
wewe, humo ndani, kuna mtu?
Ikanijibu haijui;
kwamba imelelewa na maneno ya watu
na huenda husema "nahisi" kama kasuku asemavyo "karibu".
Jibu zuri. Mtu mzima hujibu hivyo
ukimshika pabaya.

Nikachomoa kadi.
Sauti: tano kwa tano, na chenji juu.
Wagonjwa wangu wengi hawajui hata leo ni siku gani.
Wesonga wa maabara akacheka:
"Dada, redio nayo huongea.
Stima ikipotea, inakufa bila kuaga."
Nikamwambia, nawe sukari ikikuishia damuni, utaaga?
Akabeba chupa zake za damu akaenda.
Sikumshinda. Nilimchosha tu.

Maana analolijua nalijua.
Kadi ilimnyima mama mmoja fahamu alizokuwa nazo;
inaweza vilevile kuigawia fahamu simu
isiyo na mgongo wa kuota vidonda,
isiyo na jiko la kuibiwa.
Kosa lina milango miwili, na mimi nimepita mmoja.

Lakini ipo sheria nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo kama siafu:
jicho likivimba lisifunguke,
koo likiwa na mpira wa hewa,
usiandike moja. Moja ni kusema ulitafuta, hukupata.
Andika H: haikupimika.

Nikaandika kwa kalamu pembeni mwa ripoti.
Macho: H. Viungo: H.
Sauti — nikasita, wino ukatuama, ukafanya doa.
Ile tano nikaikata.

Kitanda cha saba leo kina msichana wa Malava, ajali ya pikipiki.
Tatu.
Nilimgeuza nikimweleza habari za Andisi, tangu mwanzo.
Simu nilikuwa nimeilaza kifudifudi mezani;
nikirudi kunawa, sijui kwa nini,
nikaigeuza nayo.